Majina yasiyotokea kwenye orodha: niliyojifunza kwa kwiri za SACCOS

Kila kikao cha bodi, mwenyekiti wetu alikuwa na swali lile lile: "Nani hajarejesha mwezi huu?" Waliorejesha hawakumshughulisha, hao wana risiti zao mfukoni. Alitaka wale wengine. Na hilo ni swali gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mtu asiyerejesha haachi alama popote. Risiti hana, mstari kwenye kitabu cha fedha hana. Unamtafuta mtu kwa kukosekana kwake.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya watumishi, wengi wao walimu, na nimeishi na swali hilo tangu enzi za leja za karatasi. Tulipotoka kwenye leja tukaingia Excel, nayo ikatubeba hadi ikachoka: karatasi moja ndefu ya mikopo, jina la mwanachama limerudiwa kila mwezi, mara Mohamed, mara Mohammed, mara Muhamedi, na kila tahajia ikihesabiwa mtu wake. Ndipo tukahamia Access, programu ya Microsoft ya kutunzia hifadhidata. Ilikuwa tayari imo ndani ya kompyuta ya ofisi, imelipiwa pamoja na Word, na hakuna aliyekuwa akiifungua. Ninayoyasimulia hapa ni ya humo, hasa upande wa kwiri, yale maswali unayoyaunda, ukayahifadhi kwa jina, na kuyaendesha kila unapotaka jibu. Uprogramu sijausomea. Anayetumia LibreOffice Base atakuta mengi yanafanana, tofauti ni za vitufe na alama.

Majedwali yetu yalikuwa manne: Wanachama, Mikopo, Marejesho na Wadhamini. Jina la mtu, cheki namba yake (ile namba ya mtumishi kwenye mishahara) na shule anayofundisha vinaandikwa mara moja tu, kwenye Wanachama. Mkopo unabeba namba ya uanachama, basi. Rejesho linabeba namba ya mkopo, tarehe na kiasi. Wazo hili la kuzivunja taarifa vipande na kuviunganisha kwa namba zinazofanana lilitolewa na Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM kule Marekani, kwenye makala yake ya mwaka 1970. Na ile gridi ya chini kwenye dirisha la kuundia kwiri, ambapo unaburuta safu, unaandika sharti chini yake na kupata jibu bila kuandika sentensi hata moja ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, nayo ina mwenyewe: Moshé Zloof, wa IBM pia, ndiye aliyebuni mtindo huo katikati ya miaka ya 1970. Access ilipotoka mwaka 1992 ilikuta wazo limeshakomaa. Nawataja mabwana hawa kwa heshima, maana bila gridi ile mtu kama mimi asingegusa hifadhidata. Ningekuwa bado namsubiri mtaalamu kutoka mjini.

Ila gridi ina tabia moja: haikatai. Iulize vibaya, itakujibu, tena upesi, kwa orodha safi iliyonyooka, bila rangi nyekundu wala mlio. Inajibu ulichoandika, na ulichokuwa unakiwaza ni juu yako. Nikitazama nyuma, karibu kila jibu potofu lililowahi kutoka kwenye kompyuta yetu lilikuwa na majina sahihi kabisa. Tatizo lilikuwa kwa majina yasiyotokea.

Chukua ombi la kawaida: orodha ya wanachama wote na mikopo yao. Unaleta Wanachama, unaleta Mikopo, Access inachora mstari kuunganisha namba ya uanachama huku na huku, unaburuta jina, unaburuta kiasi, unaendesha. Orodha inatoka inapendeza. Lakini wanachama ambao hawajawahi kukopa hawamo, hata mmoja. Mstari ule ukiachwa ulivyo maana yake ni "nipe walioko pande zote mbili". Asiye na mkopo hana mwenzake upande wa pili, kwa hiyo anaachwa. Ukiubofya mstari huo mara mbili linafunguka dirisha dogo lenye chaguo tatu. Unachagua ile inayotaka wanachama wote, na mikopo pale ilipo, nao mstari unaota mshale. Ofisini kwetu tukauita mshale wa wasiokopa. Kwenye chama ambacho fedha za kukopesha zinatokana na akiba za watu wote, wasiokopa si watu wa kusahau, ndio wanaotulisha.

Mshale peke yake, hata hivyo, haukutosha kumjibu mwenyekiti. Mtu akishaujua hufanya hivi: anaunganisha Mikopo na Marejesho kwa mshale, halafu chini ya safu ya tarehe ya rejesho anaandika sharti la mwezi, tuseme Mei. Anaendesha. Wasiorejesha hawapo tena! Sababu yake ni hii: mkopo usio na rejesho umeingia kwa mshale, sawa, lakini tarehe yake ya rejesho ni tupu. Sharti linakuja kuuliza, je, tarehe hii iko ndani ya Mei? Tupu haiko ndani ya Mei wala ndani ya mwezi wowote. Mshale umemwingiza mlangoni, sharti limemtoa dirishani.

Dawa yake ni kuuliza kwa hatua mbili, na hapa ndipo nilipoanza kuipenda Access kwa dhati, kwa sababu kwiri moja inaweza kusimama juu ya kwiri nyingine kana kwamba ile ya chini ni jedwali. Ya kwanza, niliyoiita MarejeshoMwezi, inachukua marejesho ya Mei tu, hakuna zaidi. Ya pili inauliza: mikopo iliyo hai ambayo haina mwenzake ndani ya MarejeshoMwezi ni ipi? Kwa SQL inasomeka hivi:

SELECT Mikopo.NambaMkopo, Mikopo.NambaMwanachama
FROM Mikopo LEFT JOIN MarejeshoMwezi
ON Mikopo.NambaMkopo = MarejeshoMwezi.NambaMkopo
WHERE MarejeshoMwezi.NambaMkopo Is Null
AND Mikopo.Hali = "hai";

LEFT JOIN ndiyo ule mshale wetu, na mstari unaobeba kazi ni ule wa Is Null. Unasema: leta wale ambao upande wa pili hawana kitu. Kukosekana kwenyewe ndiko kunakogeuka kuwa sharti. Access ina hata msaidizi wa kukuundia kwiri ya namna hii, ile inayotafuta rekodi zisizo na mwenzake, lakini nashauri mtu aiunde kwa mkono wake walau mara moja ili aone mifupa yake.

Orodha ya kwanza iliyotoka kwa njia hiyo ilikuwa na jina la mjumbe mmoja wa bodi. Mwenyekiti aliisoma, akaikunja, akasema, "Tuendelee na ajenda inayofuata."

Sharti la mwezi lenyewe lina mambo yake. Kwanza kuna Between. Ukiandika Between tarehe 1 Mei na tarehe 31 Mei unadhani umeufunga mwezi mzima. Lakini tarehe 31 Mei, kwa Access, ni ile saa sita usiku siku hiyo inapoanza. Kama safu yako inajazwa tarehe na saa, na yetu ilikuwa hivyo kwa sababu aliyeitengeneza aliiwekea Now() ijijaze yenyewe, basi mtu aliyekuja dirishani na fedha taslimu saa nane na nusu mchana siku ya mwisho wa mwezi yuko nje ya mwezi. Amelipa, risiti anayo, na jina lake linasomwa kwenye kikao kuwa hajalipa. Siku ya mwisho wa mwezi ndiyo siku watu wanayolipia, kwa hiyo anayeumia si mmoja. Siku hizi naandika hivi: kuanzia #2024-05-01# na kuendelea, lakini kabla ya #2024-06-01#. Mwezi unafungwa kwa siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, na saa hazina tena pa kujificha.

Pili ni mpangilio wa siku na mwezi. Kwenye gridi Access inafuata namna Windows yako ilivyopangwa, kwa hiyo ukiandika 5/6/2024 nayo kompyuta imepangwa kwa mtindo wetu, inaelewa tarehe 5 Juni. Lakini ukihamia kwenye ukurasa wa SQL na kuandika #5/6/2024#, inasomwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi mbele: tarehe 6 Mei. Kinachoudhi zaidi, ukiandika #13/6/2024# inaona hakuna mwezi wa kumi na tatu, inageuza yenyewe na kukupa tarehe 13 Juni bila kusema neno. Yaani unajaribu kwa tarehe moja, inakubali, unaondoka umeridhika, kumbe siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi zinasomwa kinyume. Mwaka mbele, mwezi, kisha siku: ukishika mpangilio huo hauna utata Dar es Salaam wala Chicago.

Na tukiwa bado kwenye tarehe, kuna suala la umri wa madeni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iziingize SACCOS kwenye utaratibu wa leseni, kujua mkopo umechelewa siku ngapi si hiari. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo aliunda kwiri ya kuhesabu ucheleweshaji kwa miezi, akitumia DateDiff, amri ya Access ya kupata tofauti ya tarehe mbili, yenye "m". Kazi safi, ila ikamtia mtu aliyechelewa siku moja kwenye kundi la waliochelewa mwezi. DateDiff ya miezi haipimi urefu wa muda, inahesabu umevuka mipaka mingapi ya miezi. Kutoka 31 Mei hadi 1 Juni umevuka mpaka mmoja, jibu ni moja. Tukaigeuza ihesabu siku.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni makato. Marejesho yetu mengi hayapiti dirishani, yanakatwa kwenye mshahara, na kila mwezi mwajiri anatuletea faili la Excel: cheki namba, jina, kiasi. Kazi yangu ni kulilinganisha na yale tuliyoyatarajia. Nikaliingiza kama jedwali, nikaunganisha cheki namba kwa cheki namba, nikaendesha. Access ikagoma kuwa aina za data hazilingani. Kwetu cheki namba ilihifadhiwa kama maandishi, kwao Excel iliigeuza kuwa namba. Kwa kweli niliufurahia mgomo ule. Angalau ilipiga kelele. Baya ni lile la mwezi mmoja ambapo kila kitu kilikuwa maandishi, lakini baadhi ya namba upande wao zilikuja na nafasi tupu mbele. Kwa macho zinafanana kabisa, kwa Access ni vitu viwili. Shule nzima ilionekana haikukatwa. Trim ikazisafisha, na tangu hapo faili lolote la kutoka nje linapita kwanza kwenye kwiri ya usafi kabla halijaunganishwa na kitu.

Ulinganisho wa makato lazima uende pande mbili, na watu wengi huenda mmoja. Upande wa kwanza: tuliowatarajia wakatwe na hawakukatwa. Hapo utamkuta aliyehamishwa halmashauri na makato yake yakabaki njiani, aliye likizo bila malipo, aliyefariki na sisi hatujaarifiwa. Upande wa pili: waliokatwa na hatuna mkopo wao ulio hai. Orodha hii ni fupi na haimvutii mtu, kwa sababu ni fedha zinazoingia, na fedha inayoingia haina anayeilalamikia upande wa ofisi. Anayelalamika yuko nje.

Mwalimu mmoja karibu na kustaafu aliingia ofisini asubuhi, hati ya mshahara mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hii. Mkopo wangu si uliisha mwezi wa nne? Mbona Mei wamekata tena?"

Nikageuza skrini kumwonyesha. Jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya upande wa pili, pamoja na kiasi cha kurudishiwa.

"Kumbe mnajua!" akasema. "Sasa mbona hamkunipigia?"

Nikafungua rekodi yake. Safu ya simu ilikuwa tupu. Kwiri iliyokuwa ikiandaa namba za kutumiwa ujumbe ilikuwa na sharti la kuondoa wasio na simu, jambo lenye mantiki, huwezi kumtumia ujumbe asiye na namba. Isipokuwa hakuna aliyeunda kwiri ya pili ya kuuliza: hao walioondolewa ni akina nani, na nani atawafuata shuleni kwao kwa miguu? Mwalimu alinitajia namba yake, nikaiandika mbele yake, na akahakikisha nimeisoma sawasawa tarakimu kwa tarakimu. Fedha yake ilitoka.

Utupu huo ni somo zima peke yake. Safu iliyo tupu si sifuri, wala si neno lisilo na herufi. Ni kama Access inasema "sijui", na ukiijumlisha "sijui" na kitu chochote unapata "sijui". Tulikuwa na kwiri ya kujumlisha hisa, akiba na amana za mwanachama. Asiye na amana, jumla yake ilitoka tupu, hata kama ana akiba ya milioni kadhaa. Ukizungushia kila safu Nz, utupu unasomwa sifuri na hesabu inakaa. Ila kwenye masharti ndiko utupu unakoleta hasara. Ukiandika chini ya Hali sharti la <> "imefungwa", ukitumaini kupata mikopo yote ambayo haijafungwa, ile ambayo Hali yake haikujazwa haitokei. Je, "sijui" ni tofauti na "imefungwa"? Sijui. Basi nje. Na mikopo isiyojazwa Hali kwetu ilikuwa ile ya zamani, iliyohamishwa kutoka kwenye leja, ambayo kwa umri wake ndiyo ilistahili kutazamwa kwanza. Sharti kamili lina sehemu ya pili kwenye mstari wa chini wa gridi: au Is Null.

Kuna kisa kimoja cha kinyume, ambapo kwiri haikuficha watu, iliwazalisha. Meneja alitaka ripoti moja yenye mkopo, mkopaji na wadhamini wake, na chini kabisa jumla ya mikopo yote. Majedwali ya Wanachama, Mikopo na Wadhamini yakaletwa, mistari ikachorwa, kitufe cha Totals kikabonyezwa, Sum chini ya kiasi. Jumla iliyotoka ilizidi fedha zote ambazo chama kimewahi kuwa nazo. Tukashuka kwenye mkopo mmoja tuuone. Mkopo wa shilingi 6,000,000 wenye wadhamini watatu. Ukiunganisha mkopo na wadhamini, Access haikupi mstari mmoja wenye majina matatu. Inakupa mistari mitatu, kila mmoja na mdhamini wake, na kila mmoja umebeba 6,000,000 zile zile. Sum inazijumlisha, inapata 18,000,000. Haijakosea hesabu, mistari ilikuwa mitatu kweli.

Hapo kuna njia ya mkato ambayo nimeona watu wakiikimbilia: kwenye sifa za kwiri kuna Unique Values, unaiweka Yes na mistari inayofanana inabaki mmoja. Ondoa safu ya mdhamini, weka Yes, jumla inashuka, kila mtu anapumua. Lakini palikuwa na mwanachama mwenye mikopo miwili ya dharura, kila mmoja 300,000, yote hai. Safu zilizobaki kwenye orodha zilikuwa jina na kiasi tu, na kwa jina na kiasi mikopo ile miwili inafanana kama mapacha. Mmoja ukafutika. Kwa hiyo jumla iliyoonekana ya busara ilikuwa pungufu, na jumla pungufu hakuna anayeishtukia kama ile iliyofura. Tulichofanya mwishoni ni kujumlisha mikopo kwenye kwiri yake yenyewe, bila wadhamini kuwemo, na wadhamini wakaorodheshwa kwenye ripoti ndogo pembeni. Kanuni ninayowapa vijana ni moja: jumlisha kwanza ukiwa bado una mstari mmoja kwa kila mkopo, ndipo uunganishe.

Kwiri zinazouliza kabla ya kujibu nazitaja kwa ufupi. Kwenye mstari wa Criteria unaandika [Weka namba ya uanachama] ndani ya mabano ya mraba, na kila ukiiendesha linatokea kisanduku cha kuuliza. Ni nzuri sana kwa watu wa dirishani. Kasoro yake ni kwamba jina lolote ambalo Access hailitambui inalichukulia kuwa ni swali la kukuuliza. Ukikosea herufi moja ya jina la safu, kisanduku kitatokea. Kijana mmoja wa dirishani alikuwa akikiona kila siku, anabonyeza Enter, anapata orodha tupu, na anawaambia wateja mtandao uko chini. Mtandao gani? Faili lilikuwa kwenye kompyuta aliyoikalia.

Halafu kuna kwiri zinazotenda: za kubadilisha, za kuongeza, za kufuta. Hizo naziogopa, na sioni aibu kusema hivyo. Ukishabonyeza Yes hakuna Ctrl+Z ya kukurudisha. Utaratibu wetu ni huu. Nakala ya faili kwanza, jina lake lina tarehe. Kisha kwiri inaundwa kama ya kusoma tu, tunaiona orodha kwa macho, tunaandika idadi ya rekodi kwenye karatasi. Tukiridhika ndipo tunaigeuza kuwa ya kubadilisha. Access itatangaza inakusudia kugusa mistari mingapi. Idadi ikilingana na ya kwenye karatasi, Yes. Ikizidi hata mmoja, No, tunarudi. Wapo wanaozima matangazo hayo kwa sababu yanawachosha. Kwangu tangazo lile ndiyo mara pekee ambapo programu hii inakuambia jambo kabla halijatokea.

Kwiri ya kuongeza makato ya mwezi kwenye Marejesho ina hatari yake nyingine, ya kuendeshwa mara mbili. Mtu ameibofya asubuhi, mwenzake hajui, anaibofya mchana, na chama kizima kimerejesha mara mbili. Kumkumbusha mtu hakusaidii. Kilichosaidia ni kuweka kwenye jedwali faharasa isiyoruhusu marudio, ikishika kwa pamoja namba ya mkopo na mwezi wa mshahara, huku marejesho ya dirishani yakiachiwa namba ya risiti. Sasa akiibofya mara ya pili Access inasema rekodi hazikuongezwa kwa kuvunja sharti la ufunguo, nayo inatuachia amani.

Wakaguzi nao walinifundisha kitu bila kukusudia. Mkaguzi mmoja hakutaka kuona namba zangu, alitaka kuona kwiri iliyozizaa. Akafungua gridi, akasoma masharti moja baada ya jingine kwa sauti, akaniuliza kila moja linamwacha nani nje. Mengine niliyajibu papo hapo. Siku ile ile nilifuta kwiri zote zenye majina kama Query7 na "mpya mpya 2", zilizobaki nikazipa majina yanayosema zinajibu nini, na kila ninayoiunda naandika kwenye maelezo ya sifa zake watu ambao haiwaonyeshi.

Nimalizie na swali lililotoka kwenye mkutano mkuu, maana lilinikosesha usingizi kwa raha. Mwanachama mmoja alisimama akasema: humu ndani kuna watu wanadhaminiana wenyewe kwa wenyewe, huyu anamdhamini yule na yule anamdhamini huyu, wakikimbia wote wawili nani atalipa? Minong'ono ikawa mingi. Nikaahidi orodha.

Nilianza na kwiri ndogo, Udhamini, yenye safu mbili tu: Mkopaji na Mdhamini, kwa mikopo iliyo hai. Kisha nikaunda kwiri nyingine na kuileta Udhamini mara mbili. Access inaruhusu, nakala ya pili inaiita Udhamini_1. Nikaunganisha kwa mkasi: Mkopaji wa huku na Mdhamini wa kule, Mdhamini wa huku na Mkopaji wa kule. Nikaendesha, na jozi zikatokea, kila moja mara mbili, Asha na Juma halafu Juma na Asha (majina nimeyabadilisha). Sharti dogo la kutaka namba ya Mkopaji iwe ndogo kuliko ya Mdhamini likaondoa marudio. Baadaye nikaileta Udhamini mara tatu, nikapata na pete za watu watatu: wa kwanza anamdhamini wa pili, wa pili wa tatu, wa tatu anarudi kwa wa kwanza. Hizo hazikuwa zimeshukiwa na mtu yeyote, na mojawapo ilikuwa ya walimu wa shule moja waliochukua mikopo yao mwezi mmoja.

Kamati ya mikopo ilipendekeza, na mkutano uliofuata ukapitisha, kwamba mtu hawezi kumdhamini aliyemdhamini yeye mpaka mmoja wa mikopo hiyo uishe. Kwiri ya jozi na ile ya watu watatu sasa zinaendeshwa kabla ya kila kikao cha kamati. Ya watu wanne nimeiunda pia, ila kwenye kompyuta yetu inachukua muda mrefu kiasi kwamba naianzisha ninapokwenda kunywa chai.